Aliyenifundisha Kuita Ng'ambo ya Bonde

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Umeniuliza kama ni aibu kwa mwalimu wa shule kumwendea mtu amfundishe kutumia sauti, kwa kuwa yako hukauka kabla ya adhuhuri. Si aibu. Mimi nilifundishwa nikiwa tayari nina wakwe, na hadi leo namshukuru aliyenifundisha.

Huku kwetu Mgeta nyumba zimeshikilia miteremko. Mtu wa upande huu akiwa na neno kwa mtu wa ng'ambo, hashuki bondeni na kupanda tena, huita. Nyumba yangu ilikuwa juu ya kona ya barabara, mahali ambapo malori husimama, na kwa sababu hiyo nilikuwa wa kwanza kujua kwamba gari limefika.

Zamani gari la ushirika lilikuja kwa siku inayojulikana. Ilipoingia ruksa ya kila mtu kununua mazao, kila mwenye lori alikuja apendapo, akitaka akitakacho: leo kabichi, kesho karoti, siku nyingine njegere peke yake. Kabichi ikikatwa mapema hunyauka, na ikichelewa gari limekwisha kuondoka. Basi utingo wa lori akiniambia kinachotakiwa, niligeukia bonde na kuwatangazia wanawake wa ng'ambo, nao wakavuna na kuteremka na matenga yao. Hakuna aliyenichagua. Kazi ilinikuta mlangoni nikaifanya.

Mwaka mmoja magari yalifululiza kuliko kawaida. Sauti yangu ilianza kukwaruza, ikawa inapasuka katikati ya neno, na asubuhi moja nikafungua kinywa ikatoka hewa tupu. Nilikunywa tangawizi, nikalamba asali, isirudi. Mtawa aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya misheni alinimulika kooni, akaniagiza ninyamaze kwa majuma kadhaa. Alinionya kwamba nikirudia kuita kama nilivyokuwa nikiita, sauti itakwenda na haitarudi tena.

Wenzangu walijaribu kupiga debe badala yangu. Lakini debe husema tu kwamba gari limekuja. Haliwezi kusema limefuata nini. Wanawake wa ng'ambo walikata kabichi, wakazishusha kwa jasho, wakakuta lori linataka karoti. Kabichi zile zililiwa na nguruwe. Dalali mmoja hakuchelewa kuliona pengo hilo. Alipita nyumba kwa nyumba akitaka mazao yauzwe yangali shambani, kwa bei aliyoipanga yeye.

"Mwitaji wenu amekuwa bubu," aliwaambia. "Mnamngoja nani?"

Nyumba mbili zilikubali, na nyingine zilikuwa zikifikiri. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwalimu wa kwaya ya kigango chetu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini na kupanga chumba mtaa wa Mwembesongo, hadi kiwanda kilipofungwa, akarudi milimani na begi moja. Nilikuwa nikimdharau kidogo, kwa maana niliona kuwafundisha watu wazima kupumua ni kazi ya asiye na shamba. Siku aliyokuja kwangu, dada yangu mkubwa alikuwa kibarazani akimenya njegere.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikanong'ona.

"Kunong'ona nako uache. Kunalichosha koo vilevile."

"Mwache anong'one, mwanangu," dada akasema. "Tangu tuzaliwe sijapata amani kama ya mwezi huu."

Nikamwuliza kijana yule kama amekuja kunifundisha kuita, mimi niliyekuwa nikiitana na watu wa ng'ambo kabla yeye hajazaliwa.

"Huiti, mama. Unagombana na mlima."

Dada alicheka hata sahani ya njegere ikamponyoka.

Nilikaribia kumfukuza. Kilichonizuia ni kwamba kijana mwenyewe hakucheka. Alinieleza kuwa mle kiwandani mashine zililia mno, na waliojibizana nazo kwa kelele walipoteza sauti; waliodumu walijifunza kuipitisha sauti bila kulikaba koo. Alisema angenifundisha, ila nisubiri hadi mtawa aniruhusu kusema.

Niliporuhusiwa, hakuanza na sauti. Alinitwika tenga la viazi, akaniambia nipande nalo hadi kwenye chemchemi, naye akanifuata. Tulipofika aliniuliza pumzi iliyonipandisha ilitoka wapi. Nikaweka mkono tumboni.

"Basi mbona ukiita unainua mabega na kunyoosha shingo kama jogoo? Mzigo unaubeba kwa tumbo, sauti unaibeba kwa shingo. Shingo itaweza?"

Tangu utoto nilikuwa nikipanda milima kwa pumzi ya tumbo, wala haikunijia kwamba pumzi hiyohiyo yaweza kubeba neno.

Kuanzia hapo alinifundisha kila jioni baada ya mazoezi ya kwaya. Alinifanya nivume kama nyuki, midomo ikiwa imefungwa, hadi midomo ikawasha. Alinifundisha kuivuta sehemu ya neno inayokwenda mbali na kuacha nyingine ipite yenyewe. Kisha akanionyesha kosa letu sisi watu wa mabondeni. Mlima hurudisha sauti, nasi bila kungoja huita tena juu ya mwangwi wetu wenyewe, hata aliye ng'ambo asisikie neno ila vurugu. Aliniamuru niite mara moja, nifunge kinywa, niliachie bonde nafasi ya kumaliza. Kwangu mimi, kungoja kulikuwa kugumu kuliko kuita.

Lori la kwanza baada ya hapo lilikuja asubuhi yenye ukungu. Utingo alisema wanataka karoti tu, na kwamba hawakai. Dalali alikuwa amesimama palepale barabarani, mikono nyuma. Nikajaza pumzi chini, mabega yakiwa yametulia, nikaita neno moja: karoti. Nikafunga kinywa.

Bonde lilinirudishia sauti yangu, kisha likanyamaza. Sikusikia jibu. Shingo ilitaka kunyooka yenyewe, na moyo uliniambia nipige kelele kama zamani. Nikakumbuka maneno ya mtawa. Nikashika tumbo, nikangoja.

Ndipo sauti ikaja kutoka ng'ambo, nyembamba lakini kamili: "Karoti, tumesikia."

Waliteremka na karoti zenye majani mabichi, na kabichi zao zikabaki ardhini zikisubiri gari la kuzifuata. Mmoja aliniambia alidhani anayeita ni binti yangu. Dalali alidandia tela la watu waliokuwa wakipita akaenda zake, na zile nyumba mbili, msimu uliofuata, zilirudi kusubiri mwito wangu pamoja na wenzao.

Faida haikuishia barabarani. Niliacha kuwafokea watoto, kwa maana niligundua kwamba neno lililosemwa taratibu kwa pumzi iliyoshiba huwafikia upesi zaidi. Katika vikao vya ukoo, ambako wanaume walizoea kunikatiza maneno, niliweza kusema hadi mwisho. Na niliendelea kuita gari likifika kwa miaka mingi baada ya hapo, hadi simu zilipokuja kunipumzisha.

Mimi si mwepesi wa kushukuru, wewe wajua. Lakini siku ile ya karoti mwalimu yule alikuwa akisaidia kupakia, na nilimwona akijitenga ili sifa ziwe zangu peke yangu. Nikamwita kwa jina lake mbele ya wanawake wote, nikamwambia asante, kwa sauti ya kawaida, kutoka upande wa pili wa lori lililokuwa likinguruma. Akageuka. Alikuwa amesikia.