Wastani wa Evelio Carrazana

Evelio Carrazana aligonga mpira wa besiboli miaka kumi na saba katika timu ya mkoa, na mji mzima wa Holguín ulimwita Mia Tatu. Kila akisimama na gongo mara kumi, mara tatu alipiga pigo safi akafika besi ya kwanza; kwa hesabu ya mchezo, mia tatu katika elfu. Ukiona ni kidogo, nenda kajaribu wewe.

Walianza pamoja watatu, wote watoto wa mashamba ya miwa. Leonides Pupo aliacha goti lilipomshinda, wastani wake mia tatu na nne. Osmany Brizuela alikimbilia Miami angali moto, mia tatu na kumi na moja. Redioni, kwa kuwa aliitoroka nchi, jina lake halikutajwa tena, lakini bustanini, wanaume walikobishana juu ya mchezo tangu asubuhi, hakuna aliyetajwa kuliko yeye. Evelio alikuwa katikati yao: mia tatu na sita. Alipofikisha miaka thelathini na saba alimwambia mkewe, Maidelín, kwamba inatosha.

Wiki haikupita, kocha Baudilio akabisha mlango.

"Kijana wa kukurithi ameondoka," alisema kabla hata ya kuketi. "Tulikuwa Meksiko mashindanoni. Akasema anashuka kununua viatu. Mpaka leo."

"Baudilio, macho yameniishia. Mpira wa kasi nauona ukishapita."

"Nitajie mwingine, ndugu yangu. Jina moja tu, niondoke."

Evelio alitafuta kichwani. Hakupata. Maidelín, aliyekuwa akichuja kahawa, aliweka kikombe cha kocha mezani kwa kishindo.

Msimu ukaanza naye Evelio akiwa uwanjani, na kila kitu kikawa kama alivyosema. Alijua mrushaji atatupa nini. Mikono ndiyo haikufika kwa wakati. Wastani wake wa miaka yote ukashuka kidogo kidogo, mia tatu na tano, mia tatu na tatu, akawa chini ya Pupo. Majukwaani watu waliokuwa wakimpigia vigelegele sasa walipiga kelele: "Babu, nenda nyumbani ukamenye mihogo!"

"Sema mgongo unauma," Maidelín alimshauri.

Akasema. Daktari wa timu alimwinamisha, akamnyoosha, akamgonga hapa na pale. "Una mgongo wa kijana," akamsifu.

Wastani ulipofika mia tatu kamili, Evelio alimfuata Baudilio benchini. Hakuwahi kumwomba mtu kitu maishani.

"Niache nikae. Zimebaki mechi chache. Niache hapahapa."

Baudilio alimshika bega. "Utakaa. Nakuahidi."

Alikaa mechi mbili. Ya tatu, aliyeshika nafasi yake aliteguka kifundo cha mguu, na kocha alipogeuka kuelekea benchini hakuthubutu kumtazama usoni. Evelio alichukua gongo mwenyewe.

Siku ya mwisho ya msimu aliupiga mpira vizuri kuliko siku zote za mwaka ule. Ulitoka kwa mlio ule anaoujua, akaanza kukimbia. Ukaenda moja kwa moja kwenye glavu ya mchezaji wa besi ya tatu, ambaye aliudaka bila hata kupiga hatua, na pigo likawa si kitu. Mia mbili tisini na nane.

Mwezi uliofuata alipita bustanini akitoka kuchukua mkate. Walikuwa wakibishana juu ya Pupo na Brizuela, nani zaidi.

"Na Carrazana je?" mmoja aliuliza.

"Carrazana hakuwa wa mia tatu, bwana. Tazama hesabu."

Wakamwona. Kisha mzee mmoja akasema, kwa huruma kabisa, "Mwanangu, ungekataa kurudi, leo Pupo ungekuwa umempita."

"Angecheza nani?"

Walitazamana. Kila mmoja alifikiri kweli, Evelio aliwaona wakifikiri. Kisha mwenye sauti kubwa akarudi kwa Pupo na goti lake, na wengine wakamdakia kwa pamoja. Evelio alisimama kidogo, mkate kwapani, akingoja pengine watasema neno jingine juu yake. Hawakusema. Akaenda nyumbani.