Ndege Haitaitwa Namba

Tusidanganyane: Drahomíra Vaculková hakuwa mtu rahisi. Asubuhi akiingia ofisini, akivua viatu na kuvaa malapa yake ya manyoya, wenzake walimsoma uso kwanza kabla ya kumsalimu. Lakini katika kiwanda cha mji wetu kinachotengeneza ndege ndogo za plastiki, zile za kuunganisha kwa gundi na kuzipaka rangi mezani, yeye ndiye aliyekuwa mchoraji mkuu, na yeye peke yake ndiye aliyezipa ndege mpya majina ya siri.

Majina hayo hayakuwa mchezo. Tangu mchoro wa kwanza mpaka boksi lifike dukani, ndege huchukua muda mrefu, na kampuni pinzani ikinusa mapema mnachotengeneza, itakimbiza yake itoke kwanza. Hapo mtabaki na kalibu la chuma la kumiminia plastiki mlilolichonga kwa jasho na maboksi yasiyo na mnunuzi. Kwa hiyo ndege haikutajwa kamwe. Drahomíra aliipa jina la uyoga, na aliona hakuna kinachofaa zaidi, maana kwetu Wacheki hata ndugu wa tumbo moja hawaambiani uyoga wanauokota wapi. Wawili wakinong'ona habari za uyoga baani, anayepita husogea pembeni kwa adabu.

Ndivyo ilivyokwenda miaka mingi, mpaka jioni moja ya Februari. Drahomíra alikuwa baani na Zbyněk, fundi wa makalibu, mbele ya supu ya kitunguu saumu na bia. Walikuwa wanabishana kuhusu ndege ndogo ya upelelezi yenye bawa moja juu ya kichwa na miguu mirefu myembamba. Jina lake lilikuwa Uyoga Mwavuli. Wakazungumza wee, mwavuli miguu yake haikai sawa, mwavuli utavunjika shingo. Meza ya pili alikaa mzee mmoja wa kampuni pinzani, akawasikiliza huku akitazama nje dirishani. Theluji ilikuwa imefika magotini. Nani anaokota uyoga Februari? Mzee akamaliza bia yake, akaenda zake akiuwaza huo mwavuli wa miguu mirefu, na kiangazi kilipofika, ndege ile ilikuwa madukani kwenye boksi la wenzao.

Drahomíra hakumtupia mtu lawama. Alisema kosa ni lake, alikuwa mjinga, basi. Hakulia na hakuomba radhi mara mbili.

Mkurugenzi, Radim Kovanda, aliyerithi kiwanda kutoka kwa baba yake, akaitisha kikao. Akatangaza kwamba uyoga umekwisha. Kuanzia siku hiyo kila ndege itakuwa namba tupu, na namba haina mguu wala kofia ya kumwonyesha mtu chochote. Wote wakaitikia kwa vichwa. Zbyněk naye akaitikia, kisha akainama kutazama soksi zake.

Halafu Radim akataja ndege ya kwanza itakayopewa namba: ile ya mabomu, ya injini mbili, ya kikosi cha Wacheki waliopigana Vita vya Pili vya Dunia kutokea Uingereza. Drahomíra akasema hapana.

Ndege hiyo alikuwa ameiomba tangu aajiriwe. Baba yake, Oldřich, alikuwa fundi wa injini katika kikosi hicho. Alirudi nyumbani na medali na koti la buluu, na haukupita muda mrefu wakubwa wapya wa nchi, Wakomunisti, wakaona kwamba mtu aliyepigana upande wa Waingereza ni msaliti. Wakampeleka kwenye migodi ya urani. Kule jina lake lilibaki langoni pamoja na nguo zake, naye akawa namba. Drahomíra alikuwa msichana mkubwa baba aliporudishwa. Alikumbuka walivyokwenda posta pamoja siku moja, karani akaita namba ya mtu mwingine kabisa kwenye foleni, na baba akasimama wima, kofia mkononi, macho mbele. Watu waligeuka kumtazama. Drahomíra alimshika mkono akamtoa nje, na hasira aliyotoka nayo pale hajaiweka chini mpaka leo.

"Bi Draha, ni namba tu," Radim alisema, akijaribu kumpaka mafuta. "Namba haimuumi mtu."

"Ilimuuma baba yangu. Mimi ndege yake siiiti namba."

Radim akapoteza subira. Alisema anauheshimu msiba wa kila mtu, lakini hiki ni kiwanda, si kanisa. Tayari wameumbuka kwa sababu ya uyoga wake, na wakiumbuka tena watafunga milango. Akampa mpaka Jumatatu. Akubali namba, au alete jina ambalo hakuna mtu mjini atakayeweza kulihusisha na ndege hiyo. Asipoleta, ndege inatoka kwenye mpango, na haitarudi maadamu yeye Radim ni mkurugenzi.

Mwisho wa wiki Zbyněk alimfuata nyumbani na keki ya mbegu za mpopi iliyookwa na mkewe, kumsihi akubali. Alimkumbusha Drahomíra kwamba amebakiza kidogo kustaafu, na ndege ikitoka, nani atakumbuka iliitwaje siri yake? Drahomíra akala keki, akaisifu, akamwambia akamsalimie mkewe na aache kumfundisha woga.

Jumatatu akaingia kikaoni na malapa yake, akakaa, akangoja wote wanyamaze.

"Itaitwa Oldřich," alisema.

Radim akafunga macho kidogo. "Bi Draha, nimeomba jina ambalo watu hawatalihusisha. Hilo ni la baba yako. Wazee wote wa mji huu wanajua alikuwa kikosi gani."

"Wanajua, ndiyo. Na umewahi kumsikia hata mmoja akilitamka?"

Drahomíra akamgeukia mkurugenzi.

"Babu yako alicheza naye mpira wakiwa wavulana. Baba alipotoka kule, babu yako alikuwa akimwona, anavuka barabara kumkwepa. Mwalimu wangu alimuuliza kila mtoto darasani kazi ya baba yake, akifika kwangu ananiruka. Siku ya mazishi tulikuwa mimi, mama na mchimba kaburi. Miaka arobaini, Radim, mji mzima umelijua jina hilo na hakuna aliyelisema, hata akiwa amelewa. Mimi sijaona siri iliyotunzwa vizuri namna hiyo. Kama mliweza kuitunza kwa woga, mtashindwaje kuitunza kwa mshahara?"

Radim alikuwa amewiva masikio kwa aibu. Akachukua kalamu akaandika jina kwenye ubao wa mipango, na herufi zake hazikukaa kwenye mstari.

Siku hiyohiyo Drahomíra akaanza kuchora, injini kwanza. Wiki iliyofuata, kwenye kikao cha kazi, Radim alipitia ndege moja baada ya nyingine, na alipofika kwake akainamia karatasi.

"Na hii yako inaendeleaje?"

"Ipi?"

"Hii... ya injini mbili."

"Ina jina."

Zbyněk akakohoa. Radim akainua uso.

"Oldřich," alisema, kwa sauti ya chini.

"Sisikii vizuri siku hizi, mkurugenzi."

"Oldřich, Bi Draha. Oldřich anaendeleaje?"

Drahomíra akatazama nyuso zote kuzunguka meza, mmoja mmoja, bila haraka.

"Mzima," alisema. "Kesho utaniuliza tena."