Yago Chini ya Meza ya Samaki

Jambo zima lilinigharimu shilingi mia tatu na hamsini, na jirani mmoja. Nimehesabu mara mbili, ndiyo tabia yangu, na jibu ni lile lile.

Nauza mashuka ya mitumba sokoni Kibuye. Nilikuja Kisumu kutoka mkoa wa Kati nikiwa msichana, na miaka yote hiyo meza yangu imepakana na ya mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki wa kukaushwa. Aliniita nyamera, dada yangu, hata siku tulizogombania kivuli. Kifungua mimba wake alienda kuvua, mashua ikapatikana tupu. Mwili haukuonekana. Shemeji zake walitaka mambo yamalizwe, yeye akakataa. Alisikia kuna kijana ameonekana upande wa Uganda, na tangu hapo, namba ngeni ikimpigia, alishika simu kabla haijalia vizuri.

Aliyeanzisha haya ni mwalimu wa historia wa binti yangu. Ni kijana, mzaliwa wa mjini, amechoka na watoto wanaomeza tarehe usiku na kuzitapika asubuhi kwenye mtihani. Somo la vita vya Wazungu, vile vilivyochukua wanaume wa huku na wengine wasirudi, aliamua kulifundisha kwa masikio, pua na mikono. Watoto wangefumba macho. Wangenusa moshi wa kuni. Spika ingetoa sauti ya bibi mmoja wa Kombewa aliyekuwa amemrekodi kwa simu, na kila mtoto angepakata kitu kizito.

"Mama, wewe ndiye unajua kununua," aliniambia kwenye mkutano wa wazazi. "Nitafutie yago mbili kubwa."

Sikuuliza za nini. Tunda hilo kwetu ni muratina: refu kama mkono, zito kama mtoto mchanga. Tunalikausha, tunalitia kwenye pombe ya asali, wazee wanakunywa wakija kuposa. Nimelijua tangu utotoni kama tunda la sherehe. Na mimi nikishajua bei ya kitu, huwa naona nimekijua chote.

Kisian nilimpata mzee mwenye mti kando ya barabara ya Busia.

"Nani amepotea?" aliniuliza.

"Hakuna aliyepotea, Mzee, ila bei yako."

Hakucheka. "Hii haiuzwi kama viazi."

"Basi niuzie kama mihogo."

Alizipokea pesa kwa vidole viwili, kama anayeshika panya mfu kwa mkia. Alikuwa ameanzia mia tano. Nilijipongeza njia nzima.

Ili matunda yasichubuke, kila moja nililifunga kwa shuka jeupe. Meza yangu ilikuwa imejaa, jua linachoma, kwa hiyo niliyasukuma chini ya meza ya jirani yangu, kivulini. Yeye alikuwa ameenda kunywa chai. Alirudi na shemeji yake, aliyefuata samaki wa nyumbani. Shuka moja lilikuwa limefunguka upande wa juu.

Wanawake wa meza za mbele waliweka chini walichoshika, mmoja baada ya mwingine.

"Nani ameleta hii?" shemeji aliuliza.

"Ni yangu, Baba. Jioni naondoa."

Alivua kofia. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Shemeji," alimwambia jirani yangu, polepole, "tumekuomba, umekataa. Sasa imekuja yenyewe. Imekuja na sanda."

"Ni ya shule!" nilipiga kelele. "Ni ya historia!"

"Hata sisi tunajua ni historia. Ni wewe tu hujui ni ya nani."

Muuza nyanya alinivuta pembeni akanieleza. Mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake. Likishafunikwa udongo, amekufa. Watu hulia, wadogo zake huruhusiwa kujenga, hakuna tena wa kungojewa. Wakati ananieleza, jirani yangu alikuwa akimpimia mteja omena. Mkebe wa gorogoro ulijaa, ukafurika, naye bado anamwaga.

Tunda moja lilienda shule. La pili shemeji alikataza lisiguswe.

Niliketi nyuma ya darasa. Bibi alisema kwenye spika kwamba siku walipozika tunda la baba yake, jioni mama yake alisonga ugali mdogo kuliko wa jana. Watoto walipokezana lile tunda, macho yamefumbwa. Binti yangu, ambaye historia humlaza kama dawa, alilikumbatia mpaka mwalimu akambandua vidole.

"Tarehe wanasahau, Mama," mwalimu alininong'oneza. "Uzito hawasahau."

Lilikuwa somo zuri sana. Nilitamani lisingefanyika.

Sasa simu ya jirani yangu ikilia, anaitazama tu mpaka inyamaze. Jana ndipo aliponisemesha, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuniita nyamera.

"Ni wewe uliileta. Iondoe wewe, mbele yao, na mimi nitasema bado."

Nilikubali. Kabla sijainama, shemeji alikuwa ameshasimama hapo. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayeelekeza mgeni njia, kwamba atakayeliondoa atakuwa amemwacha maiti nje, na nyumbani shimo limeshapimwa.

Nikilitoa, mama huyu ataendelea kumngoja mtu ambaye soko zima linajua harudi. Nikiliacha, ni mimi nitakayekuwa nimemzika mwanawe, na sikutumwa na yeyote. Nimejaribu kuongea na shemeji nipate hata mwezi mmoja. Hapunguzi. Tunda lenyewe limeanza kulainika upande mmoja.

Wewe uliyezaliwa kando ya ziwa hili na unayajua mambo haya kuliko mimi, tafadhali nishauri. Niliondoe?