Ng'ambo Ipi, Mwanangu?

Niliondoka Mbinga kwa sababu ya jambo nililoshindwa kulisema kwenye simu. Tangu nimalize chuo, kazi yangu ni kujibu barua pepe za wateja wa kampuni moja ya nje, nikiwa chumbani kwangu. Umeme ukikatika, na kazi imekatika. Msimamizi wangu alisema naweza kuhamia nchi yoyote yenye mtandao mzuri, mradi niwe na kibali halali cha kukaa, na alitaka jibu Jumatatu.

Nilikuwa na njia tatu. Kisiwa cha Morisi kinatoa visa ya mwaka mmoja kwa mtu anayelipwa na mwajiri wa nje, ila asitafute kazi pale. Nchi moja ya Ulaya inatoa ukaazi mrefu zaidi. Nao wanataka bima, uthibitisho wa kipato, na subira. Njia ya tatu ni kuingia kama mtalii na kufanya kazi kimyakimya. Wako wanaofanya hivyo. Mimi hata tiketi ya basi naikagua mara mbili nikiwa nimeshakaa kwenye kiti.

Moyo ulikuwa umeelekea Ulaya. Kabla ya kujibu, ilibidi nimwambie Mama mdogo Akwinata wa Lituhi, aliyenilea baada ya mama kufariki.

Jumamosi asubuhi, stendi ya Mbinga ilikuwa na ukungu. Nilibeba pasipoti kwenye mfuko wa plastiki, ingawa hakuna anayeiuliza kwenye njia hiyo. Kitai nikabadili gari. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi. "Nahama" lilikuwa kali mno. "Nasafiri kidogo" ulikuwa uongo. Karibu na Ngaka tulikaa pembeni kupisha malori ya makaa ya mawe, na vumbi jeusi lilipotulia nilikuwa nimepata: "Naenda ng'ambo."

Lituhi, mchana, joto lilinivua sweta. Mama mdogo alikuwa uani anaanika usipa, dagaa wa ziwa letu.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huo mtandao haupiki ugali?"

Nikaitoa sentensi yangu kabla sijakaa.

"Afadhali!" akasema. "Nilikuwa natafuta mtu." Akaingia ndani, akarudi na kifurushi. "Utampelekea Neema."

Ndipo nikakumbuka kwamba hapa ng'ambo ni Malawi, upande wa pili wa ziwa, ambako siku za hewa safi milima yake huonekana.

"Siyo ng'ambo hiyo, Mama mdogo."

"Kwani ziko ngapi?"

Nikamweleza yote: kampuni, vibali, Ulaya.

"Huyo bosi anakulipa bila kukuona?"

"Ananiona kwenye kamera, mara moja kwa wiki."

"Basi siku hiyo chana nywele."

Tukacheka. Kisha akakaa na kile kifurushi mapajani. Neema ni binti yake, aliolewa huko. Kibali chake cha kukaa kiliisha muda, hakukifuatilia, na sasa anaogopa kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi kwa watoto wake. Baba mdogo alipofariki, hakuja.

"Nilimshikia simu pale kaburini," Mama mdogo akasema. "Ikakata kabla hatujamaliza kumfukia baba yake."

Sikujua nishike nini. Nikageuza usipa ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

"Sikukatazi," akasema. "Ila niambie. Nikifa, hicho kibali kitakuruhusu uje kunizika?"

"Cha Ulaya, wakati nasubiri kadi yao ya ukaazi, sitakiwi kutoka. Miezi, pengine."

"Na cha kisiwani?"

"Nafikiri naweza kutoka na kurudi."

"Usifikiri. Umefikiri tangu ukiwa mdogo. Uliza."

Jumapili, baada ya misa, nilianza safari ya kurudi na vifurushi viwili vya usipa: changu, na cha Neema, "siku yoyote utakayofika huko." Konda alitaka usipa wapande juu ya gari. Niliwapakata. Mtandao uliporudi Kitai, nikawaandikia watu wa visa wa Morisi swali moja tu.

Jumatatu walijibu: naweza kutoka na kuingia, mradi visa haijaisha. Nikamwandikia msimamizi kwamba nachagua kisiwa. Kisha nikamwandikia Neema, nikimwomba anitumie picha ya kibali chake cha zamani, tutafute pamoja pa kuanzia. Kwa wiki nyingi nilikuwa nalinganisha nchi kwa namna zinavyonipokea. Lituhi nilijifunza kuuliza pia zitakavyoniachia.

Mwisho nikampigia Mama mdogo.

"Kinaruhusu?"

"Kinaruhusu."

"Basi nenda, mwanangu. Na mimi sitaharakisha kufa. Nauli yenyewe ni ghali."