Mapazia Manne ya Heriel

Heriel hushona mapazia barazani, mbele ya duka la vitambaa Mtaa wa Congo, Kariakoo. Mteja akishuku kitambaa, yeye hukiinua juani na kuweka mkono nyuma yake. Vidole vikionekana, hukitupa pembeni. "Hiki chandarua, mama, siyo pazia."

Binti yake, Jacqueline, ana miaka minane. Alipokuwa na miwili, jua la asubuhi moja tu lilimbabua uso, na daktari akaagiza akingwe na mwanga. Heriel alikaribia kufurahi. Safari hii maradhi yamekutana na fundi. Chumba chao cha Ilala kikapata pazia zito. Mtoto akaacha kurefuka. Heriel akaongeza la pili. Masikio yakapungua kusikia; la tatu. Uso ukasinyaa kama wa bibi kizee, magoti yakagoma, la nne. Na kila mara alimgeukia mkewe, Caroline.

"Umefungua dirisha."

"Sijafungua, baba Jack."

"Mwanga umepita wapi, basi?"

Wiki iliyopita, hospitalini Upanga, Daktari Sofia aliwasomea majibu ya vipimo vilivyopelekwa nje ya nchi. Ugonjwa ni wa kurithi, wa nadra. Kila mzazi alibeba nusu yake bila kujua. Jua humuunguza ngozi, ndiyo. Lakini watafiti wameona adui mwingine: mwili wa kila mtu, katika kazi yake ya kila siku, hutengeneza formalini kidogo, nayo huharibu vinasaba. Sisi wengine tunarekebisha. Jacqueline hawezi.

"Formalini ya mochwari, ya kuhifadhia maiti?" Heriel aliuliza.

"Hiyo hiyo. Hata gizani, mwili wake unaitengeneza."

"Dawa?"

"Ya kuuponya haipo. Siyo hapa tu, popote."

Laiti ingekuwa imefungiwa kwenye kabati la matajiri. Tungeandamana, tungelivunja kabati. Hapa hakuna hata mlango wa kugonga.

Nje, Caroline alimfunika mtoto kwa khanga, akambeba begani.

"Sikufungua dirisha," alisema.

"Hukufungua."

"Miaka sita, Heriel."

Tangu mtoto azaliwe, Caroline hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Heriel alinyoosha mikono ampokee Jacqueline. Caroline alimhamishia bega la pili, akatangulia kwenye bajaji.