Pembe Niliyoizima

Nianze mwenyewe kabla hamjanianza: ndiyo, yule mchambuzi wa magemu aliyeumbuka ukumbini mbele ya kwaya nzima ni mimi, na wale vijana wa stendi wanaopiga "puuuu!" kwa mdomo kila nikipita wananipigia mimi. Nimechoka kukasirika, hata kucheka nimechoka. Kaeni niwasimulie mara moja, kwa urefu wake, halafu tuyaache.

Kazi yangu mnaijua, mchana natoa fotokopi kwenye steshenari ya Mama Zubeda hapa Same mjini, na muda unaobaki nachambua magemu, si yale makubwa ya makampuni, hapana, yale madogo yanayotengenezwa na mtu mmoja au wawili chumbani kwao bila mtaji wala bosi, nayacheza kwenye simu halafu najirekodi nikieleza zuri lake na baya lake, na watu wanabishana pale chini mpaka raha. (Wafuasi si wengi, na nusu yao ni ndugu wa mke wangu.) Sifa yangu ilikuwa moja tu, ukali. "Elia hana huruma," walisema, na mimi kichwa kilivimba.

Basi siku moja akaja dukani Nakundwa, binti wa huko milimani juu ya Maore, amemaliza chuo cha kompyuta, mpole, anaongea akiangalia viatu vyake. Alikuwa ametengeneza gemu peke yake, miaka miwili, akaliita Ndiva. Asiyetoka kwetu nimweleze: ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa na mababu huko mlimani, maji yanakusanyika usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa na kushuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Kwenye gemu wewe ni mkulima wa tangawizi. Unapanda, unasubiri zamu, unamwagilia, ukivuna umeshinda.

"Kaka Elia," akaniambia, "baba haamini kwamba hii ni kazi. Yeye ni mwenyekiti wa ndiva kijijini, na mtu wa kesi kwelikweli, hakubali kitu bila ushahidi. Amesema nitafute mtu mmoja anayejua. Akisema gemu ni zuri, naendelea. Akisema bovu, mvua zikianza nahamia Kisiwani nikamsaidie shangazi kuuza duka."

"Niachie mimi," nikasema. Niachie! Utadhani daktari bingwa.

Jumatatu nikalifungua gemu pale kaunta, na lilivyoanza tu pembe ikalia, "puuuu!", mama mmoja aliyekuwa anasubiri kopi za cheti cha kuzaliwa akaruka, na Mama Zubeda akachomoza kichwa nyuma ya mashine: "Wee Elia, hapa ni dukani au harusini?" Basi nikazima sauti. Ni kidole kimoja tu, jamani. Sikuiwasha tena siku zote tatu nilizocheza.

Na nilicheza kweli, msiseme sikucheza. Napanda, tangawizi inachipua vizuri, mara zamu yangu inafika na mfereji mkavu, majirani wote wa kwenye gemu wananipita hata salamu hawanipi, shamba linakauka, mchezo umekwisha. Naanza upya, yaleyale. Mara ya sita nikaitupa simu kwenye droo, na badala ya kumpigia binti wa watu nikamuuliza (angenijibu kwa sentensi moja), nikajirekodi. Nikasema gemu lina kasoro kubwa, maji yanakatika bila sababu, halichezeki. Hapo ningenyamaza, lakini sifa ni ugonjwa wenzangu, nikamalizia hivi: "Na aliyetengeneza hili gemu, kwa ninavyoona mimi, hajawahi kuiona ndiva kwa macho yake."

Mimi! Mpare wa kwenye lami, niliyekuwa naijua ndiva kwa jina tu.

Watu walicheka, wakasambaziana. Nakundwa akaniandikia maneno mawili, "Asante kaka," nami nikaona ameelewa somo. Nikazidi kuvimba kichwa, nikatangaza mjadala wa hadhara, Jumapili baada ya ibada, ukumbi wa usharika, niwaonyeshe watu kasoro yenyewe mubashara.

Jumapili ikafika. Vijana walikuja kama kumi na tano, ila wamama wa kwaya nao walikuwemo, wanasubiri makande yaive jikoni, na mama yangu mzazi katikati yao, anaimba sauti ya kwanza huyo. Nakundwa akaingia akiwa na baba yake, Mzee Sifueli, koti limenyooshwa, daftari kwapani.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Nimekuja kusikiliza kesi ya mwanangu." Akakaa mbele kabisa, akafungua ukurasa mpya, akavaa miwani.

Fundi wa kwaya akaniunganishia simu kwenye projekta na kwenye spika zao, zile kubwa za mkutano wa injili, na hapo ndipo sauti iliporudi bila mimi kuombwa ruhusa. Nikaanza kupanda tangawizi ukutani huku nahubiri. "Tazameni, sasa hivi tu mtaona maji yanakatika bila sababu yoyote."

PUUUUU!

Jamani, nusu ya wamama walisimama. Hawakupanga, miguu tu ilisimama yenyewe, na Bibi Naanjela, mkubwa wao, akashika kitenge chake akauliza, "Heee! Msaragambo, na leo Jumapili?"

Msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnakwenda kusafisha mfereji au kutoa tope la ndiva, na asiyekwenda hapewi maji. Kila mtu aliyekulia mlimani anajua. Mimi niko pale mbele, nimeshika simu, naendelea kupanda tangawizi yangu.

"Kijana, unaitwa!" wakanipigia kelele. "Acha shamba! Shika jembe!"

"Subirini kidogo, wamama zangu, kasoro inakuja," nikawajibu, na sijui kichwa changu kilikuwa wapi saa ile. Pembe ikalia mara ya pili. Majirani ukutani wakatoka na majembe, wakanipita. Zamu yangu ikafika, mfereji mkavu.

"Mmeona?" nikasema.

Ukumbi ulicheka mpaka aliyekuwa jikoni akaja na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Mzee Sifueli hakucheka. Akainuka polepole. "Nina maswali matatu. La kwanza, ulipocheza wewe, ulicheza na sauti?"

"Baba, dukani kule, unajua, wateja..."

"Ulicheza na sauti?"

"Hapana."

Akaandika. "Kwa hiyo umetoa hukumu na shahidi hujamsikiliza. La pili, ndiva umewahi kuiona?"

Ningesema hapana yaishe. Nikasema ndiyo, ile ya kwa bibi yangu.

"La tatu. Ile ya kwa bibi yako, tundu la kutolea maji linazibwa na nini?"

"Na... bomba?"

Mama yangu akashindwa kuvumilia. "Baba Nakundwa, usimsumbue. Huyu nilimpeleka mara moja tu, ana miaka saba, akalala mgongoni kwenda na kurudi." (Mama! Mama mzazi!)

Mzee akafunga daftari. Nilidhani atanitukana, na afadhali angenitukana. "Gemu la mwanangu sina neno nalo," akasema. "Lakini tulikubaliana atafutwe mtu anayejua, na huyu hajui. Shahidi hakuna. Nakundwa, mvua zikianza utakwenda kwa shangazi yako."

Nakundwa alichomoa waya wa projekta, akaanza kuukunja vizuri, mkunjo baada ya mkunjo, machozi yanamdondokea mikononi. Kicheko kilikuwa kimeisha. Niliumia, siwafichi. Miaka miwili ya mtu nilikuwa nimeiangusha kwa kidole kimoja, halafu nikaisindikiza na matusi.

"Baba," nikasema, "msaragambo ujao ni lini?"

Akanitazama juu ya miwani. "Jumamosi. Njoo na jembe lako."

Nikaazima jembe, Jumamosi alfajiri nikapanda mlima. Nisiwachoshe na ile njia, inatosha kusema nilipofika nilikuwa nimeshamaliza nguvu za wiki, na kazi ilikuwa haijaanza. Tope mpaka magotini, linanuka, unajaza karai, unampa mwenzio, linarudi tupu, unajaza tena. Viganja vilichubuka kabla ya saa nne. Mzee Sifueli akaita majina kwenye daftari, la mwisho likawa langu: "Elia, wa mjini." Nikaitika nipo, wakacheka, sikuwa na pumzi ya kuona aibu. (Tundu linazibwa kwa gogo na majani ya mgomba, na udongo juu yake. Sitasahau mpaka naingia kaburini.)

Mchana tulipopumzika nikamwomba Nakundwa simu yake, nikacheza pale ukingoni, sauti juu, watu wamenizunguka. Pembe ikalia, nikakimbiza mkulima wangu na jembe, na kumbe majirani wale wanaitana kwa majina wakiwa njiani, kumbe wanaimba, na zamu yangu ilipofika yakasikika maji yanakuja kwa mbali kabla hujayaona. Niliyasikia yale maji na mikono ikiniwaka. Nikajirekodi palepale na tope langu: "Nilikosea. Gemu hili ni zuri, ni zuri sana. Kasoro nilikuwa nayo mimi. Nakundwa, nisamehe."

Mzee Sifueli akasikiliza mpaka mwisho. Akataka rekodi irudiwe. Akasikiliza tena, akaandika kitu, akamgeukia binti yake.

"Shahidi amekubaliwa. Endelea na kazi yako."

Yeye mwenyewe aliiita kazi. Nakundwa akainama kunawa uso kwenye mfereji, akanawa muda mrefu.

Tangu siku hiyo sizimi sauti ya gemu lolote, Mama Zubeda aseme asemavyo, na mtu nisiyemwelewa namuuliza kwanza. Nilidhani yamekwisha. Mwezi uliopita Nakundwa akaniletea toleo jipya nilichambue. Nikacheza, pembe ikalia, majirani wote wakatoka na majembe isipokuwa mmoja, nyumba ya mwisho, kijana wa kofia nyekundu (kofia yangu mnaijua), amekaa mlangoni ameinamia simu. Bila yeye kazi haianzi, inabidi umfuate umwite. Nikamfuata. Nikamwita mara tatu ndipo akainua uso.

"Aa, samahani," akasema. "Sijasikia."

Gemu nikalipa alama kumi kwa kumi. Ningesema nini?