Nani Amepara Samaki wa Swalihu?

Mimi nilisema mapema na sirudi nyuma: samaki hajipari mwenyewe.

Arafa ni jirani yangu, ua kwa ua, na kazi yake ni kupaka hina. Mabibi harusi wa Dodoma mjini, wa msikitini na wa kanisani, wengi wamepita kwenye mkeka wake. Kazi hiyo kairithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, watu waliokuja na misafara enzi hizo wakaona hapa panatosha. Mumewe Swalihu anauza nyavu na kamba. Kila wiki hupeleka mzigo kwa wavuvi kule bwawani Mtera, na akirudi anarudi na perege. Mtu mpole, msafi, doa la chai kwenye shati linamkosesha raha mchana kutwa. Arafa anampenda mpaka inakera.

Basi mwaka huu perege wakaanza kuja wameparwa. Hata matumbo wametolewa. Arafa akamuuliza, "Nani kawapara?" Angejibu ni vijana wa pale, mambo yangeisha. Yeye akatazama pembeni: "We pika tu, mama."

We pika tu! Mwenzangu akaja kwangu na bakuli la samaki.

"Shoga, kuna mwanamke."

"Yupo," nikamwambia. "Mwanaume gani unamjua anapara samaki? Baba yako alipara? Wangu huyu Amiri, hata sahani aliyolia haijui njia ya kuirudisha jikoni. Wanaume hawapari samaki, Arafa. Wameumbwa hivyo, wote."

Tangu hapo Arafa hakuwa Arafa. Akiwapika hawali. Anawageuza kwenye beseni, anachungulia mapezi, ananusa, utadhani jina la mke mwenzake limeandikwa humo. Roho ilimuuma, na mimi nikachochea kuni, maana shoga ni wa nini?

Ndipo akaja Anyesi. Huyu ni msichana wa Kigogo kutoka Kibakwe, anafundisha falsafa chuoni, na alikuwa anaolewa Jumamosi. Aliyepakwa hina miguuni haendi popote mpaka ikauke, kwa hiyo Arafa akamtupia swali: jambo ukiliona tena na tena, si limeshakuwa kweli?

Anyesi akacheka. "Dada Arafa, hilo swali limewakosesha watu usingizi tangu kale."

Akatusimulia. Kulikuwa na Mgiriki mmoja aliyekusanya wanyama na samaki, akawapasua na kuwatazama, ili kutoka kwa mmoja mmoja apate neno la kuwahusu wote. Waliomfuata wengi wakashika maneno yake, wakaacha kuwatazama samaki wenyewe. Akaja Mwarabu wa Basra, aliyeuchunguza mwanga kwenye chumba cha giza chenye tundu dogo. Yeye akafundisha kwamba anayetafuta ukweli ashuku hata vitabu vya wakubwa, na ajishuku na yeye mwenyewe. Hapo kwenye Basra nilikaa vizuri, maana bibi zetu walikuwa wakiitaja kwa tende. Halafu Mwingereza mmoja, mwanasheria, akasema akili ya binadamu ina haraka, ikiona viwili inatangaza vyote. Usikusanye tu mahali jambo lilipo. Tafuta na mahali lilipotarajiwa lakini halipo, kisha tazama linavyozidi na linavyopungua.

"Mwisho akaja Mskoti akawaharibia sherehe," Anyesi akasema. "Akauliza, jana imeiapia nini kesho? Sisi tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Haya, hapa Dodoma mmeona mawingu mangapi yakipita kwenda zao?"

Nilicheka, Arafa hakucheka. Akaweka hina chini, akaanza kupanga mambo kwa sauti. Samaki wa Mtera wanakuja wameparwa. Akinunua soko la Majengo, mume yuleyule, samaki walewale, analeta na magamba yao. Kwa hiyo kilichopo kiko Mtera. Na kuzidi je? Wale wa mwanzo walikuwa na magamba mkiani, ngozi imechanika. Wa sasa wanang'aa.

"Huyo mwanamke anazidi kumpenda," akasema, na machozi yakadondokea mguu wa bibi harusi wa watu.

Anyesi akamshika bega. "Samaki umewapanga vizuri, dada. Lakini mwanamke umemleta wewe, hakuja nao. Kuna jambo mmeliona la hakika mno hata hamjalipima. Hilo ndilo la kupima."

"Jambo gani?" nikauliza mimi.

"Sijui. Nendeni mkatazame."

Alhamisi Swalihu akaondoka alfajiri na pikapu lake, sisi tukapanda basi la Iringa nyuma yake. Njia nzima Arafa alikuwa akimuumba huyo mwanamke: mara mrefu, mara mweupe, mara ana mwanya. Mimi nilibeba khanga ya kujifunga kiunoni, likitokea la kutokea.

Tukashuka Mtera, tukafuata harufu ya mafuta ya kukaangia mpaka ukingoni mwa maji. Na mwanamke alikuwepo! Mnene, ana mwanya kweli, kasimama na mwiko mkononi, anacheka mpaka anajishika ubavu. Kucha za Arafa zikaniingia mkononi. Kisha tukaona anachokicheka.

Swalihu. Kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali imekunjwa, magamba yamejaa kwenye ndevu, perege anamponyoka mikononi.

"Anzia mkiani uende kichwani, we baba!" yule mkaanga samaki anamwambia. "Nitakufundisha mpaka lini?"

Swalihu akainua macho, akatuona. Kisu kikamponyoka.

"Arafa, nisikilize. Siku ile bibi harusi mmoja alipovuta mguu, akasema mikono yako inanuka shombo, nilikuwa chumbani. Ulicheka naye. Alipoondoka ukajisugua ndimu mpaka ukajichubua. Nikasema shombo isikuguse tena."

"Si ungewapara nyumbani?"

"Uani kwetu?" Akanitazama mimi. "Mwantum akiniona, mpaka Kizota watajua kabla ya adhuhuri."

Khanga yangu ya kiunoni nikaikunja, nikaitia kwapani.

Mngedhani Arafa atayeyuka. Thubutu! Akamwambia yule mama, "Asante dada kwa kumfundisha," kwa sauti chungu kama shubiri. Tulirudi na pikapu, watatu mbele, mpaka tukaanza kuona taa za mji.

"Ungekosea mbele yangu," Arafa akasema.

"Nini?"

"Kupara. Ungekosea mbele yangu mimi. Leo kuna mwanamke ameshakuona unakosea, amekucheka, amekushika mkono akakuonyesha. Mimi mkeo nimeletewa samaki wanaong'aa. Kizuri chenyewe kabaki nacho yeye."

Swalihu akapunguza mwendo, akasema, "Nisamehe."

Wiki iliyofuata nikasikia pikapu. Nikachukua kikombe, nikaombe chumvi, nione. Perege walikuwa kwenye beseni na magamba yao yote. Arafa kaweka kigoda katikati ya ua, na kisu juu yake. Swalihu anakunja suruali. Arafa akaniona, akaja mpaka mlango wa uani.

"Chumvi sina, shoga," akasema, akanifungia. Na komeo akalitia.

Nikabaki nje na kikombe changu kama mwombaji. Nikasikia kisu kinakwaruza, na Arafa, "Mkiani, baba, anzia mkiani!" Halafu kicheko chake, na cha Swalihu, ambacho sikuwa nimewahi kukisikia maisha yangu. Jamani, wivu ulionishika pale sijawahi kuupata hata kwa dhahabu ya mtu.

Nikarudi kwangu. Amiri alikuwa kibarazani, miguu juu ya kiti, sahani ya mchana iko chini na nzi wake.

"Usiku tunakula nini?" akauliza.

Miaka yote hii nilikuwa najua kwamba wanaume hawapari samaki, na nikilala, nalala. Sasa najua ni huyu wangu tu.